Wasichana wa Chunyu Hawakuishiwa Pumzi

Mwalimu Issa,

Nakuandikia kwa sababu hapa chuoni hakuna tena mtu ninayeweza kumsema Mratibu wa ule mradi wetu mbele yake bila maneno kumfikia mwenyewe kabla ya chai ya saa nne. Ulikuwa wewe tu. Nikimaliza kusema, ulikuwa ukicheka kwa pua, halafu unaniambia, "Dada Agnesi, mwache, naye ana watoto." Leo hakuna wa kuniambia nimwache.

Nianze na mazishi yako, maana hukuyaona. Watu walijaa kutoka uani kwako mpaka barabarani. Wanafunzi wako wa zamani walikuja kwa pikipiki kutoka Marambo na Naipingo, wengine kutoka Ruangwa, wana vumbi mpaka kwenye kope. Mratibu naye alifika kutoka mjini, amevaa kanzu mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Alipopewa nafasi ya kusema machache, akasema marehemu alikuwa mkimbiaji hodari, kila alfajiri alikuwa anakimbia kama swala. Wewe, Mwalimu. Na goti lile. Watu wanaokujua wakatazamana. Bi Mwanaidi wako aliniambia baadaye kwamba aliyasikia yale maneno akiwa ndani na wanawake, na hapo ndipo alipojisikia kucheka kwa mara ya kwanza tangu presha ikuangushe. Mtu amefanya kazi na wewe muda wote ule, mmepanda gari moja, mmekula sahani moja, na hajui kama ulikuwa unachechemea.

Najua ungeniambia alipitiwa. Hakupitiwa. Hakuwahi kukutazama.

Siku ile ya kijijini Chunyu unaikumbuka kuliko mimi. Ila tangu uondoke imesimuliwa vibaya mara nyingi mno, na nataka angalau mara moja isimuliwe sawasawa, na mtu aliyekuwepo, kwa mtu aliyekuwepo.

Tulikuwa na ile mbio ya mlio. Koni huku, koni kule, mita ishirini katikati, na spika inayolia. Mtoto anakwenda na kurudi akifuata mlio, mlio unazidi kuharakisha, mpaka anashindwa. Pale aliposhindwa unapaingiza kwenye fomula, nayo inakwambia mwili wake unaweza kutumia hewa kiasi gani. Fomula ilitengenezwa na watu wa mbali, kwa watoto wa mbali, waliokimbia ndani ya kumbi zenye sakafu ya mbao. Wewe ndiye uliyesema kwamba kabla hatujawapima vijana wa Nachingwea na Ruangwa kwa kipimo hicho, tukipime kwanza kipimo chenyewe. Mtoto akimbie huku amevaa ile barakoa inayopima pumzi, halafu tulinganishe barakoa imesema nini na fomula imesema nini. Wazo lilikuwa lako. Barakoa ilikuwa ya ofisi ya Mratibu, kwa hiyo mradi ukawa wake.

Chunyu, siku hiyo bila barakoa bado, tukapewa uwanja wa mchanga, kando ya barabara. Ilikuwa msimu wa ufuta, watu wanapita na magunia, wakaona wasichana wamejipanga na mikanda ya kupimia mapigo ya moyo vifuani, wakasimama. Bodaboda nao wakaegesha. Muda si mrefu tukawa na watazamaji kama wa mechi. Mlio ukaanza, wasichana wakaenda vizuri, mzunguko baada ya mzunguko, sketi zimeshikwa kwa mkono mmoja. Kisha mwanamume mmoja akatupa neno la Kimwera juu ya jinsi walivyokuwa wakitikisika, wenzake wakaangua kicheko. Msichana wa kwanza akatoka, kiganja mdomoni. Kabla mlio haujalia tena, wote walikuwa wametoka.

Mratibu, aliyekaa chini ya mwavuli wake, akasema, "Wameishiwa pumzi." Akaandika hivyo.

Wewe ulimpita. Ulikwenda kwenye kompyuta ya mikanda, ukainama, ukatazama mapigo ya moyo ya kila mmoja. Halafu ukaniita. "Tazama. Mioyo yao bado haijaanza kazi." Ukamfuata yule mrefu, Salma, aliyekuwa anakung'uta mchanga kwenye raba, ukamuuliza taratibu kwa nini ameacha. Akajibu bila kuinua macho, "Wenzangu wametoka, mwalimu. Nikibaki peke yangu watanitazama mimi."

Ndani ya gari, tukirudi Nachingwea, ukaniambia, "Leo tumepima aibu, Dada Agnesi. Pumzi bado hatujaigusa." Ulimwomba Mratibu Chunyu irudiwe, kwenye uwanja uliofichika. Alisema, "Tutaangalia." Uliomba tena kwa simu, nikiwepo. Tutaangalia. Mara ya tatu ulimwomba kwa unyenyekevu ambao hadi leo unaniudhi nikiukumbuka, ukimwita mkuu, ukimshukuru kwa muda wake. Muda gani, Mwalimu? Yule mtu ana muda wa kupiga picha na koni.

Kisha ukatutoka.

Nilitaka kuandika sentensi nyingine hapo lakini haikuja. Niendelee.

Baada ya mvua Mratibu akatuita Ruangwa, kwenye ukumbi, kusikiliza matokeo. Maji ya chupa mbele ya kila kiti, projekta, tai nyekundu. Akaonyesha michoro yake, halafu akasoma: wasichana wa Chunyu wana uwezo mdogo wa pumzi kuliko wenzao wote tuliowapima. Hakuishia hapo. Akaeleza na sababu, kwamba ni lishe, na kwamba ni utamaduni wao wa kutopenda mazoezi. Wasichana wanaolima tangu hawajaota meno ya ukubwani, wanaopanda na kushuka na ndoo za maji kichwani, hawapendi mazoezi. Nikageuka kutafuta uso wako ili tutazamane. Nilisahau kabisa, Mwalimu. Niligeuka kabisa kwenye kiti, na nyuma yangu alikuwa amekaa afisa mmoja anakula karanga.

Akamalizia kwa kusema majina ya kambi ya mbio yatatokana na matokeo hayo. Kambi ile uliyokuwa unaisubiri, yenye kocha na shule ya bweni. Kutoka Chunyu hakuna hata msichana mmoja.

Nikasimama. Nikauliza mikanda ya moyo ilisema nini siku ile. Akatabasamu, akanijibu, "Mwalimu, takwimu hazina huruma." Akanyamaza kidogo ili watu wapate nafasi ya kupiga makofi, na wapo waliopiga. Nimewahi kumdharau mtu, lakini siku hiyo niligundua kwamba miaka yote nilikuwa najifunza tu.

Nikafanya kitu ambacho wewe usingefanya. Wafadhili wa mradi walitaka taarifa isainiwe na mkufunzi wa hapa, na baada yako alibaki mmoja, mimi. Nikakataa kusaini. Akapiga simu, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali, mwisho kwa huzuni, ambayo ndiyo iliyonichefua zaidi. Akasema, "Unaharibu kumbukumbu ya marehemu." Nikamwambia, "Marehemu aliomba Chunyu irudiwe. Irudie kwanza, halafu ndiyo umkumbuke." Akakata simu. Mkuu wa chuo akaniita ofisini akanishauri nitumie busara. Busara kwake ni kukaa kimya mpaka mtu mkubwa apite. Nilimsikiliza, nikarudi darasani.

Wafadhili walipouliza kwa nini saini haipo, Mratibu akakubali kurudia. Alisema ni kwa ajili ya ubora.

Nikaenda kwa Sista anayeongoza ile shule ya parokia niliyosoma utotoni, yenye uwanja uliozungushiwa ukuta. Nilidhani nitahitaji kumbembeleza. Alinisikiliza akiwa anapalilia mchicha, akauliza swali moja tu, "Watakuja na nani?" Nikasema, na mama zao wanaotaka kuja. Bi Mwanaidi, ambaye eda yake ilikuwa imekwisha, akasema naye atakuja. Alipanda gari pamoja na wasichana kutoka Chunyu, amebeba kapu la mihogo ya kuchemsha, akakaa nao kiti cha nyuma, na mpaka wanafika walikuwa wanamwita bibi.

Mratibu alikuja na barakoa na mtaalamu wake, Neema, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache, ambaye ndiye pekee anayejua kuendesha ile mashine. Sista aliwasubiri getini. Neema akapita. Mratibu alipotaka kupita, Sista akamwambia, "Wanaume watasubiri nje, hata wenye shahada." Mwalimu, laiti ungekuwepo. Alikaa kwenye gari lake mpaka saa saba mchana, vioo vimefungwa, anapepea uso kwa bahasha, maana dereva alizima injini kuokoa mafuta.

Ndani, wasichana walikimbia. Wengine pekupeku, wengine na raba, vilemba wamevifunga nyuma kama wakati wa kutwanga. Neema aliwavalisha barakoa mmoja mmoja, akiwaeleza kila mkanda unakwenda wapi na kwa nini, kitu ambacho Mratibu hakuwahi kufanya. Zaidi ya Neema, hakuna aliyetazama isipokuwa mama zao, Bi Mwanaidi, Sista na mimi. Wa kwanza kuchoka alikaa chini akihema kweli kweli, na mama yake akamchekea kwa upendo, na hakuna mwingine aliyetoka kwa sababu yake. Wakaendelea. Walianguka mmoja mmoja, kila mtu kwa mwisho wake mwenyewe.

Salma alibaki peke yake. Mlio ulikuwa umeharakisha mno, yeye anakwenda tu, anageuka kwenye koni, anarudi, kifua kinapanda na kushuka ndani ya ile mikanda. Bi Mwanaidi alisimama, akaweka mkono mdomoni. Neema alikuwa anatazama kompyuta na kusema kwa sauti ya chini, "Bado. Bado anapanda." Salma alipokuja kusimama hakuanguka. Aliinama, mikono magotini, akavua barakoa, akauliza, "Wengine wako wapi?" Tukamwambia wamemaliza zamani. Akatabasamu kama mtu aliyepewa kitu ambacho hakukiomba.

Mimi nilikwenda nyuma ya darasa nikalia.

Kwa habari ya fomula, ulikuwa sahihi zaidi ya ulivyodhani. Siku ya kwanza ilidanganya kwa sababu ya wale watazamaji. Lakini hata siku ya pili, wasichana wakiwa wamekimbia mpaka mwisho wa nguvu zao, fomula bado iliwapa kidogo kuliko barakoa ilivyoonyesha. Neema anasema ni mchanga. Kila wanapogeuka kwenye koni, mguu unazama, wanatumia nguvu ambayo mtoto wa sakafu ya mbao haitumii, na fomula haijui hilo. Kwa hiyo kipimo chao hapa kwetu hakifai mpaka kirekebishwe. Neema ameanza kutengeneza fomula nyingine, kwa watoto wetu na udongo wetu, na anataka watoto wengi zaidi kabla hajaiamini. Ungempenda.

Basi tukaitwa ukumbini tena. Tai ileile. Mratibu akasimama, akasema, "Kama nilivyokuwa nasisitiza tangu mwanzo, kipimo lazima kihakikiwe katika mazingira yetu." Tangu mwanzo. Bila kupepesa macho. Akaeleza habari ya watazamaji, ya mapigo ya moyo, ya mchanga, maneno yako yote, kwa mpangilio wako, kwa sauti yake. Mwishoni akaomba tumkumbuke mwenzetu marehemu Mwalimu Idrisa.

Nikasimama. Sikupaza sauti. Nikasema, "Anaitwa Issa. Aliyoyasema leo Mratibu, Issa aliyasema Chunyu, na Mratibu aliyakataa mara tatu." Nikakaa. Neema, aliyekaa mbele kabisa karibu na bosi wake, akasema bila kugeuka, "Ni kweli." Maneno mawili. Sijui yatamgharimu nini.

Mratibu amepandishwa cheo. Sikutegemea vingine. Watu wa aina yake hupanda kwa sababu ni wepesi, hawajabeba chochote. Lakini ile sentensi juu ya wasichana wa Chunyu imetolewa kwenye taarifa, na jina lako limeandikwa la kwanza, herufi zote sawa, nimelikagua mwenyewe kabla ya kusaini. Majina ya kambi yamefunguliwa upya. Kutoka Chunyu wamekwenda watatu. Mama yake Salma alikataa wiki nzima, kwa sababu ya palizi na kwa sababu ya hofu, mpaka Bi Mwanaidi alipokwenda kulala kwake siku mbili. Sijui waliongea nini. Salma yuko bweni sasa, na juzi alinipigia kwa simu ya matroni kulalamika kwamba uji wao ni mwepesi.

Bi Mwanaidi hajambo. Amepungua, lakini anakula. Kiti chako ofisini wamempa mwalimu mpya wa Kiingereza, kijana mwenye adabu, anayenisalimia kwa heshima kila asubuhi na kunichemshia maji ya chai. Hajanikosea chochote. Simpendi.

Kaka yangu, mimi ni mtoto wa misheni na wewe ulikuwa mtu wa msikiti, na sijui huko uliko tunaruhusiwa kuombeana kwa namna gani, ila naomba kwa namna ninayoijua. Mwenyezi Mungu akupe mahali penye kivuli na utulivu. Kiangazi kikianza, Neema na mimi tunakwenda Marambo na barakoa, kisha Naipingo, na nimeshawatafuta wanawake wa kukaa na wasichana. Nakuahidi sitatia saini chini ya neno lolote juu ya mtoto ambaye hakuna aliyejisumbua kumuuliza kwa nini amesimama. Na Mratibu akija tena kutuongoza, nitampa mwavuli wake, nimwonyeshe gari lilipo.

Kwaheri, Mwalimu Issa. Lala. Goti lako limepumzika.

Dada yako katika kazi,
Agnesi