Figa la Mama na Chama cha Mawe

Temeke, Dar es Salaam
Jumatatu, baada ya kazi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako la kulia linaendeleaje na baridi ya huko mlimani? Je, maharage yalitosha, au wale nyani wamewatangulia tena? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechafuka, na sababu utaisikia.

Dada yangu Namsifu, wewe unayemsomea mama, kama mmekaa uani na majirani simama hapo kwanza. Ingieni ndani, mfunge mlango, ndipo uendelee. Barua hii si ya kusomwa nje ya kanisa kama zile nyingine.

Mama, nimefanya upumbavu, nao unahusu jiko lako.

Nilikwisha kukuandikia kwamba mkubwa wangu wa ofisini, yule tunayemwita Bwana Nyundo, ana chama cha mawe. Sikukueleza vizuri kwa sababu niliona haya. Ni Wazungu saba au wanane. Si wachimbaji wa madini, wala hawauzi kitu. Siku za kazi kila mtu yuko kwenye shughuli zake, na Jumapili wanatoka kwenda kuokota mawe kwa raha zao. Mimi, niliyeajiriwa kuwa tarishi wa kupeleka barua, ndiye mbeba gunia. Mwaka wa pili huu sijasikia mahubiri mpaka mwisho.

Wanalamba mawe, mama. Memsabu, mkewe Bwana Nyundo, kila anachookota hukilamba kwanza, ati rangi yake itokeze. Kule Kurasini, chini ya ukingo ambapo makuli wa bandarini huenda kujisaidia, nilimwona akichomoa jiwe topeni, akalifuta kwa kidole gumba, akalipeleka mdomoni. Nikasema, "Memsabu, hapa watu huwa..." Akaninyooshea mkono ninyamaze, maana alikuwa anaonja. Nikageuka pembeni nikatema mate kwa niaba yake.

Kuna mwenzao daktari wa meno. Huyo huyachokonoa mawe kwa vyuma vyake vya kazini. Kimoja nilikitambua, chenye ncha iliyopinda, kwa sababu mwaka jana kilikuwa kinywani mwangu. Tangu siku hiyo jino likiniuma nasukutua maji ya chumvi na kunyamaza.

Msasani ndiko walikonimaliza. Maji yalikuwa yamekupwa, wakavunja matumbawe kwa nyundo, wakajaza gunia zima, na vijidudu vyake vingali vinatikisika ndani. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza wakasimama kututazama. Mmoja akaniuliza, "Wanakula hayo?" Nikamwambia hapana. "Sasa wanayavunjia nini?" Gunia likasahauliwa ndani ya motokaa hadi Jumanne, na harufu iliyotoka humo siwezi kuiandika katika barua ya kusomwa na dada yangu. Aliyeyaosha ni mimi, moja moja, kwa mswaki, kisha nikayapaka rangi nyeupe ya kuandikia namba. Sasa yako kabatini na namba zake, na hakuna hata mmoja anayeyatazama. Hilo linanichefua kuliko ile harufu.

Basi, upumbavu wangu. Jumapili moja tulikuwa vilima vya Pugu. Memsabu akaokota kijiwe cheusi, kizito, ukubwa wa yai, wakaanza kubishana kama ni jiwe lililoanguka kutoka mbinguni au si lenyewe. Watu wazima, mama, wamekunja nyuso, wananyang'anyana kama kuku waliomwona mende mmoja. Jua lilikuwa utosini, njaa inanikereketa, na mimi nimeambiwa nisogee kando kwa kuwa mambo hayo siyaelewi. Ndipo majivuno yakanipanda. Nikasema, "Jiwe la mbinguni kwetu mama yangu anapikia makande."

Wakanigeukia wote. Bwana Nyundo akavua kofia. "Wewe nasema nini?"

Nikasema yote. Jinsi lilivyoanguka shambani kwa babu mzaa baba na kuwatorosha mbuzi. Lilivyo jeusi na zito, ukiligonga linalia kama kengele. Kwamba mafiga mengine hupasuka kwa moto na hilo halijapata kupasuka, na kwamba bibi alikukabidhi siku ulipoingia nyumba ile. Nikawaambia mpaka mahali lilipo, kwamba ni figa la nyuma, upande wa ukutani. Nilikuwa nasikilizwa, mama. Muda wote ule hakuna aliyewahi kunisikiliza, nami nikalewa.

Walipokwisha kusikia, wakacheka. Memsabu aliwaambia wenzake kwa Kiingereza kwamba maskini bibi kizee anachemshia maharage juu ya nyota, na Kiingereza kiasi hicho nakijua. Daktari wa meno akainama, akatunisha mashavu, akaigiza mwanamke anayepuliza moto, huku amejishika kiuno. Alikuwa anakuigiza wewe, ambaye hajawahi kukuona. Wakajipangusa machozi. Na mimi nikacheka nao. Ningeweza kukuficha hilo, lakini nimekusudia kusema kweli: nilicheka, mama.

Palepale wakakata shauri. Masika ikiisha na barabara kukauka, watakuja huko kwa motokaa, mimi nikiwa mbele kuwaonyesha njia. Jiwe litakatwa kwa msumeno vipande viwili, kimoja kiende Ulaya, kingine kiwekwe ndani ya kioo na jina la Bwana Nyundo kama mwenye kuligundua. Wewe utapewa jiko la makaa la dukani na doti ya kanga. Mimi nitafanywa karani. Bwana alinigonga begani akasema, "Wewe takaa kwa kiti."

Siku tatu nilitembea na kiti kile kichwani. Sitaki kujisafisha, nilikitaka. Nikajiambia kwamba jiwe ni jiwe, na goti lako lingefurahi kupata jiko la kusimama. Nikamweleza mwenye nyumba wangu, Bi Mwanaidi, nikitegemea anipe pongezi. Alikuwa barazani anachambua mchele.

"Kwa hiyo mie nikija kwenu na mtarimbo," akasema bila kuinua kichwa, "nikang'oa jiko la mamako, utanishikia taa?"

"Si bure, Bi Mwanaidi. Watampa jiko jipya."

"Jiko jipya linauzwa Kariakoo. Hilo alilopewa na mkwewe linauzwa duka gani?"

Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Mtoto mzima wee. Wenzio vya kwao huvifunika, wewe umekwenda kuvipigia mbiu." Akaokota kichangarawe katika ungo, akakitupa uani, akaendelea na mchele wake.

Maneno yake yaliniingia kwa sababu nilijua aliyoyasema tangu kule Pugu. Alhamisi nikaingia kwa Bwana Nyundo, nikasimama mbele ya meza. Nikasema, "Bwana, lile jiwe halipo. Nilisema uongo."

Akaweka kalamu chini. "Kwa nini nasema uongo?"

"Nilitaka mnisifu."

Hapo sikudanganya. Alitoa faili langu, akaandika, kisha akaligeuza ili nisome mwenyewe: huyu ni mwongo, asiaminiwe. Kiti kimepewa mtu mwingine, na faili hilo litanifuata kila ofisi ya Serikali nitakayobisha hodi. Kazi ya utarishi sikunyang'anywa, maana gunia linahitaji mbebaji. Jana nimelibeba tena hadi Kunduchi, na daktari wa meno sasa ananiita Nyota. Wenzake hucheka kila akilitaja jina hilo. Hata hivyo jana sikucheka nao.

Shida haijaisha. Huyo daktari anasema nilisema kweli mara ya kwanza na nimedanganya mara ya pili. Anafahamiana na mkuu wa wilaya wa huko, Bwana DC, na amesema atamwandikia amtume mtu aje kuchungulia jiko lako. Kwa hiyo sikiliza vizuri, mama. Yakandike mafiga yote matatu kwa udongo mwekundu na majivu, yawe sura moja. Chungu kisitoke motoni mchana wote, maana watu hawa wanalamba kila kitu lakini chungu cha moto hawakigusi. Usiling'oe kwenda kulificha. Ukiling'oa wewe, tutakuwa tumewafanyia kazi yao.

Na akikuuliza kuhusu mimi, sema mwanao ni mwongo. Najua ninamwomba nani. Wewe ni mama wa kanisa, na hujapata kusema uongo hata kwa mtoza kodi. Lakini ukisitasita kidogo tu, au ukitaka kunitetea kama mama anavyotetea, atajua. Sema nimekuwa mwongo tangu nilipojua kuzungumza. Sema kwa sauti, hata mchungaji akiwapo.

Msalimie kaka Mbazi, aache kuligonga lile figa kwa koleo kuwaonyesha wageni linavyolia. Shangazi mwenye shamba la ndizi mpe shikamoo yangu, na watoto wake wote. Mjomba Elifasi, ambaye hawezi kulala na neno tumboni, msimweleze habari za jiwe. Mwambieni tu nimeaibika mjini kwa uongo. Hadi Jumapili kijiji kizima kitakuwa kimekwisha kupata habari, na mjumbe wa Bwana DC atayakuta maneno hayo njiani kabla hajafika kwako.

Namsifu, ukimaliza kusoma itie barua hii motoni, palepale kwenye mafiga.

Ni mimi mwanao Eliakimu, ambaye wewe hajakudanganya hata siku moja.