Kimbunga Kilichorudi Zambezia

Kambarage, Shinyanga
11 Februari 2023

Mwanangu Elieth,

Hujambo huko Msumbiji? Barua hii naituma kwa simu. Mimi sijambo, magoti tu yananisumbua. Siku kama ya leo, mwaka 1990, Mandela alitoka gerezani. Nimestaafu ualimu lakini lazima nimfundishe mtu. Redio inasema kuna kimbunga baharini upande wa Australia, wamekipa jina Freddy. Ni mbali, tulia.

Nasikia kibanda chako cha chakula kiko mlimani na maji unayafuata mtoni. Mtoto wa Shinyanga amepata mto usiokauka, anaukimbia? Ulipowapikia wachimbaji kule Mwakitolyo si ulinunua maji kwa dumu? Hamia kando ya mto.

Baba yako


Zambezia
13 Februari

Shikamoo baba,

Mimi mzima, dhahabu ipo kidogo, wachimbaji wanakula. Nimehamia mtoni kama ulivyosema, wabeja sana, asante. Nilimsomea barua yako Amosi, yule kijana wa mama Paskalina wa Ushirombo, anachimba huku. Akasema mzee wangu ana akili.

Mwanao Elieth


24 Februari

Mwanangu,

U mzima? Leo, 1966, Nkrumah alipinduliwa akiwa safarini. Nami kichwa kimepinduka: Freddy kimevuka bahari yote, kimepiga Madagaska, sasa kimeingia Msumbiji. Msumbiji ipi? Ramani yangu imechanika hapo hapo. Jibu upesi.

Baba yako


27 Februari

Shikamoo baba,

Ni kusini, Vilankulo, mbali na sisi. Huku manyunyu tu. Pumzisha magoti.

Mwanao


6 Machi

Elieth mwanangu,

Salama? Leo Ghana ilipata uhuru, 1957. Sielewi kitu. Freddy kilifia nchi kavu, sasa eti kimerudi baharini. Mwezi mzima! Bujiku pale kijiweni anabisha kwamba ni vimbunga viwili, redio inasema ni kile kile. Kwetu mvua ikiondoka, imeondoka. Nadhani kimechoka. Kaa hapo hapo.

Baba yako


12 Machi

Elieth,

Mauritius ilipata uhuru leo, 1968, hata sijui kwa nini nakuandikia haya. Kimbunga kiliingia Zambezia jana. Kwako! Panda mlimani, acha masufuria. Simu yako haipatikani.

Baba


14 Machi

Leo alizaliwa Einstein, 1879. Elieth, jibu. Nimewaambia watu wote hapa Kambarage kwamba ni mimi niliyekupeleka mtoni.

Baba yako


Mocuba
20 Machi

Shikamoo baba,

Niko hai. Mtandao ulikatika, nimetembea hadi huku mjini kutafuta chaji.

Nisamehe, nilikudanganya. Sikuhamia mtoni. Nilipopika Mwakitolyo sikuwahi kuona mto, lakini huku wenyeji hawajengi chini, nami niliwaiga. Niliogopa kukubishia, nikajibu ndiyo ili usikasirike. Paa limeng'oka, mimi nimebaki.

Ila Amosi alihama. Wiki ile ile niliyomsomea barua yako alijenga kando ya maji, akanicheka kwamba mimi binti wa mwalimu simsikii mwalimu. Tumemzika juzi.

Mama yake hajui. Nimejaribu kumwandikia, nafika kwenye salamu nakwama. Baba, nenda Ushirombo ukamwambie. Akiuliza kwa nini Amosi alikuwa mtoni na mimi nilikuwa mlimani, sijui utamjibu nini. Mimi nimeshindwa.

Mwanao Elieth