Bakuli la Kifuniko Chekundu

Mpendwa Mama,

Unalikumbuka lile bakuli lako la kifuniko chekundu? Ulinipa siku niliyohama Arlington kwenda Houston, humu humu Texas, mwaka 2018, limejaa maandazi ya hiliki. Nilikuwa nimemaliza miaka miwili kwenye chuo kile cha jirani, nikilala kwako, nikila kwako, na marafiki zangu wote ni watoto wa kanisani niliokua nao. Sikuwahi kutafuta rafiki. Walikuwepo tu, kama chumvi jikoni.

Chuo kikuu kikanionyesha kuwa marafiki hutafutwa. Wenzangu walikuwa pamoja tangu mwaka wa kwanza. Mimi naingia mwaka wa tatu, watu wameshazoeana. Nikisalimia darasani wananijibu kwa tabasamu, basi. Ndipo nikampelekea maandazi yako Denise, msichana wa chumba cha pili aliyesomea uuguzi kama mimi. Alifurahi, akala moja pale pale mlangoni.

Baada ya siku mbili akarudisha bakuli. Limeoshwa, limekaushwa, linang'aa. Tupu.

Mama, nilikasirika! Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata ndimu mbili unatia. Nikaona nimekataliwa kistaarabu. Wiki tatu nilipita mlangoni kwake nikijifanya natazama simu. Akiniita tusome pamoja, nina kazi. Jumamosi moja nikakupigia nikilia.

"Mama, nime-decide. Narudi nyumbani, nita-transfer tena."

"Kisa?"

Nikakusimulia. Ukacheka kile kicheko chako cha kukohoa.

"Yaani unaacha chuo kwa ajili ya bakuli? Umemwambia kwetu halirudi tupu?"

"Si anatakiwa kujua, Mama?"

"Ajulie wapi? Kazaliwa Tanga huyo? Pika wali, umpelekee, umweleze."

Nilikata simu nimenuna. Lakini nilipika. Nilipomweleza Denise, uso ukiniwaka kwa aibu, akaziba mdomo kwa mkono. Kumbe alilisugua mara mbili, akiogopa nitamwona mchafu. Na zile wiki tatu alidhani nimemchoka. Tangu hapo bakuli halikupumzika: wali ukienda, mkate wa mahindi unarudi. Kupitia kwake nikawapata na wengine, mmoja mmoja.

Mwanzoni mwa mwaka huu, ulipotutoka, bakuli lilikuwa kwa Denise. Sebule yako ilijaa kina mama wenye kanga, nami nimekaa mkekani simwoni yeyote. Mlango ukafunguliwa, akaingia Denise. Alikuwa ameendesha gari peke yake mwendo wa saa nne kutoka Houston, na bakuli lako liko mkononi. Ndani mlikuwa na maandazi aliyojaribu kuyapika mwenyewe, mengine yameungua.

"Nisingeweza kulileta tupu nyumbani kwa mama yako," akasema. Akavua viatu, akaketi nami chini.

Nilikula mawili, Mama. Yalikuwa magumu kweli. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu juzi yake.

Sikuwahi kukwambia kwamba siku ile ya simu ulisema kweli. Nilikuona hunielewi, na leo nakukumbuka mpaka kifua kinauma. Wiki ijayo namaliza chuo. Jana nilimpelekea Denise pilau, kwa hiyo bakuli liko kwake tena, na sina haraka nalo.

Pumzika, Mama.

Ni mimi binti yako, niliyetaka kurudi.