Wimbo wa Mwisho kwenye Kanda

Masasi,
22 Mei 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe na wote hapo Mkunya. Vipi goti lako? Maji mnayapata, au bado mnateremka bondeni? Mimi ni mzima, nasumbuliwa na kazi tu. Barua hii nimeomba dada Stamili akusomee, si kaka Gervas. Yeye aende akapulize sulfa kwenye mikorosho, maana humu yamo maneno yasiyomhusu mwanamume.

Kanda yangu imetoka. Najua umekwisha kusikia kwamba nimeacha kupiga malimba ya vidole nikaingia kwenye makelele, na ni kweli kiasi. Tangu biashara iachiwe huru, kila baa hapa Masasi imenunua spika, na mwenye malimba akiimba watu wanauona mdomo tu. Basi nikamtafuta Arthur, mpiga gitaa la umeme, na Ladislaus wa dramu. Nyimbo za kulima na kutwanga ni zile zile ulizonifundisha, ila sasa zinagonga kifua. Wazee wanasema nimechanganyikiwa. Vijana wanazigombea, nami nimefurahi, sikufichi.

Ijumaa tuliipiga kanda nzima baa ya sokoni. Wimbo wa mwisho hauna maneno, ni gitaa na dramu tu. Wanaume walicheza hadi vumbi likatimka, lakini wanawake walirudi kuketi. Mama mmoja wa Newala, muuza dagaa, alijitanda kanga kichwani akanijia, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeniruhusu.

Mama, nadhani umekwisha kuelewa. Ni ule wa alfajiri, siku ya kuwatoa wari unyagoni. Sikumpa Arthur hata neno lake moja. Nilimwimbia kwa kuguna, na mpaka leo hajui anapiga nini. Nilijidanganya kwamba bila maneno siri ingebaki ndani. Haikubaki.

Mwezi ujao Furaha wa Stamili anaingia unyagoni, na mimi ndiye somo yake. Ninyi makungwi mna haki ya kunifungia mlango, na hilo linaninyima raha. Nimemzuia mwenye duka la kanda asiuze zaidi mpaka nipate neno lako. Ukisema ufutwe, nitaufuta, na faini ya kuku nitaileta mwenyewe.

Ila ujue kwa nini niliurekodi. Katika nyimbo zote ninazozijua huo ndio mzuri kuliko zote, na aliyeutunga ni wewe. Baba alilala nawe nyumba moja miaka yote ile, akafa hajausikia. Ijumaa wanaume waliuomba urudiwe. Nilikataa, lakini moyo ulinisukuma niwaambie kwamba ni wa mama yangu.

Wasalimie majirani wote, na Furaha umbusu kwa niaba yangu. Mrisho wa basi anarudi huku Jumatano. Mpe jibu, hata kama ni kali.

Ni mimi mwanao,
Anjelina