Chumvi Kwenye Mabeseni ya Bandeji

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, miaka 38, mkemia wa kiwanda cha bandeji. Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda.

Leo tarehe 9, saa tatu asubuhi, nilikuwa chumba cha mabeseni na mwenzangu wa zamu, tunayemwita Kipara. Kazi yetu ni kuvika bandeji za majeraha ya moto utando mwembamba wenye dawa kali ya maumivu. Bandeji inachovywa kwenye maji ya polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, yenye chaji chanya, inasuuzwa, inachovywa kwenye polima yenye chaji hasi, inasuuzwa tena, hivyo hivyo mpaka utando utimie. Chaji ndizo zinazoyashikanisha matabaka, na dawa inatoka kidogo kidogo siku nzima.

Meneja aliingia na mfuko wa chumvi. Huyu ni shemeji yangu, mume wa dada. Alisema tukizidisha chumvi kila tabaka litakuwa nene, tutamaliza kwa nusu ya michovyo. Ni kweli. Lakini matabaka hayo yanalegea kama sifongo, na dawa inatoka yote kwa mkupuo mmoja. Dawa hiyo ikizidi mwilini, mtoto aliyeungua anaweza kulala asiamke, hata kuacha kupumua.

Nilimwambia. Akacheka: "Shemeji, kwako kila kitu msiba! Mbona zamu ya jana jioni walitia, na katoni zimeshakwenda hospitali?" Alisema hivyo eti ananituliza. Kisha akamimina chumvi mwenyewe.

Kipara akapindua mabeseni yote. Sikumzuia. Ningekuwa na nguvu zake ningeyapindua mimi. Sasa yeye yuko mahabusu kwa kuharibu mali, na aliyetia chumvi yuko ofisini anakunywa chai. Jamani, hii ni haki gani?

Dada amenipigia simu: "Ukimsema mume wangu, usinijue tena." Basi asinijue. Nina hasira, na uandike hivyo hivyo, afande.

Niliyoyaona ni hayo. Sitii saini mpaka hospitali ipigiwe simu.

Maelezo ya ofisa: Nilipiga simu mbele ya shahidi, saa saba mchana. Muuguzi wa wodi ya watoto alisema katoni imefunguliwa leo, na mtoto mmoja ameshafungwa bandeji. Alikimbia kwenda kuitoa, simu ikiwa hewani. Tulisubiri. Aliporudi alisema mtoto anapumua, ila wanamwita haamki. Shahidi akasaini.