Mguu Uliotangulia Juu

Jumanne, 4 Machi
Somo la kwanza la kupiga mbizi. Mke wangu ndiye aliyeniandikisha. Sikukataa, sikukubali. Tangu lifti niliyokuwa naitengeneza iushukie mguu wangu, miezi saba sasa, kila kitu nakiitikia hivyo hivyo. Mwalimu ni mnene, wanafunzi wanamwita Bata. Akautazama mguu wangu wa bandia, akauliza kama unaogopa maji. Nikamwambia auulize wenyewe. Wenzangu walicheka. Mimi wala.

Alhamisi, 6 Machi
Mguu unaelea! Ndani mtupu kama debe. Nikizama, wenyewe unapanda, nabaki kichwa chini miguu juu. Bata akaufungia kifundoni vipande viwili vya risasi, vile vizito vya wapiga mbizi. Nikatulia chini kabisa, mita nne. Kimya. Huko hakuna anayeniuliza najisikiaje.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu amepanga vitu vyake kwenye begi. Hakugomba. Anasema Jumamosi, mtihani wangu wa bwawani ukiisha, anakwenda kwa dada yake. Amechoka kuishi na ukuta.

"Nifokee hata mara moja," alisema, "nitabaki."

Nilitafuta sauti ya kufokea. Sikuipata. Nikamuuliza kama atakula.

Jumanne, 11 Machi
Somo. Sawa tu. Begi liko mlangoni.

Jumamosi, 15 Machi
Mtihani. Kosa ni langu: kamba ya kifundoni ilikuwa inanasa kila mara, nikaifunga risasi pajani kwenye nyama, si kwenye mguu wa bandia. Nilipofika chini mguu ukalegea, ukachomoka, ukapanda peke yake. Niliutazama ukienda na kiatu chake. Sikuona haja ya kuukimbilia. Bata akaniuliza kwa vidole kama niko salama, nikamjibu kwa vidole, salama.

Kumbe juu ukingoni mke wangu, aliyekuja kutazama, kaona mguu umeibuka bila mwenyewe. Na hajui kuogelea! Karuka na viatu, na mkoba begani. Nilivyoviona kwanza ni viatu vyake juu yangu, vinapiga maji ovyo.

Niliogopa. Naandika tena: niliogopa. Nikapanda bila kumngoja Bata, nikamshika kiuno, nikamsukuma hadi ukingoni, nikamfokea mbele ya watu wote.

"Una wazimu wewe? Ungekufa!"

Alikuwa anatapika maji. Akanitazama sana. Tulirudi nyumbani tukichuruza maji njia nzima.

Sasa yuko bafuni. Meno yake yanagongana, nayasikia toka huku. Ameita, anataka taulo. Nikamwambia taulo zote alizitia kwenye begi.

Akajibu:

"Basi lifungue."

Nimekaa hapa mlangoni, mguu wa bandia kando, bado unachuruza maji. Zipu imekwama katikati. Inataka mikono miwili. Naweka kalamu —