Picha ya Baba kwenye Kompyuta

Baraka, 4 Machi 2024

Mama mpenzi,

Pokea salamu zangu katika jina la Bwana. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila macho yananiwasha kwa kukodolea kioo tangu asubuhi.

Mama, kompyuta imefika! Ni nyepesi hata nikadhani wamemuuzia baba ganda tupu. Nilipoifungua iliwaka, ikaniuliza jina langu. Nilipiga kelele, kisha nikaitika kwa mdomo, “Nadège!” Arlette, mwenzangu wa chumba, alicheka mpaka akakaa chini.

Najua umemkasirikia baba kwa kuuza mbuzi ili niipate. Najua hata hukumsindikiza alipopanda boti kwenda Kazimia kununua samaki wa ndagala. Ningekupigia simu, lakini antena ya Swima bado imekufa. Ungeiona hii kompyuta, hasira ingeisha. Nimeweka picha ya baba ijae kioo chote, ile ya suti nyeusi, na Arlette amenisaidia kuizungushia maua meupe. Meza nimeitandika kitambaa cheupe kwa sababu ya vumbi. Umeme hakuna na chumba ni giza, basi nimewasha mshumaa kando. Baba anapendeza, mama. Nimelia kwa furaha.

Willy wa pikipiki amekuja kuchukua barua hii. Hata yeye ameshtuka! Amevua kofia, amesimama mbele ya kompyuta ameinamisha kichwa, na chai ameikataa. Sikujua Willy anaheshimu masomo hivi.

Mtoto wako,
Nadège

Swima, 6 Machi 2024

Nadège mwanangu,

Nikuulize hali gani, na hali yenyewe naijua? Tupeane pole.

Willy alifika, akaketi bila kunisalimia. “Mama Nadège, mi siko na kinywa ya kusema. Nimeona foto ya baba ku meza, na maua, na buji inawaka. Mutoto macho yote mekundu.” Nilianguka palepale. Barua yako iko chini ya mto, sijaifungua. Sina nguvu ya kusoma kwamba baba yako Alphonse amekufa.

Ilikuwa ziwani? Mwili uko wapi? Najua habari za Kazimia hufika kwako kwanza. Uani kumejaa watu, kwaya inaimba. Baba yako mdogo Junior analia kuliko wote, na tayari amevaa viatu vya kaka yake.

Mwanangu, unajua neno langu la mwisho kwake? Alisimama mlangoni na mfuko wake akasema, “Mama Nadège, basi unisindikize hata mpaka ku maji.” Nikamjibu nimempa mgongo: “Enda, we na mashini yako.” Miaka yote tuliyoishi pamoja, nikamuaga hivyo. Nilimpenda yule mtu. Sasa nitamwambia nani?

Mama yako

Baraka, 7 Machi 2024

Mama, mama yangu,

Nisamehe, sikuulizi hata afya, naandika haraka. Baba yuko hai! Asubuhi hii amenipigia simu kutoka Kazimia, anataka kujua kama kompyuta inapata moto. Baadaye shangazi Tania ameingia kutoka Swima na barua yako, amevaa nguo za msiba, akanikumbatia akilia. Nikamuuliza nani amekufa. Akaniangalia kama mwenda wazimu.

Hakuna aliyekufa. Picha niliiweka kumshukuru tu. Fungua barua iliyo chini ya mto, utaona. Nimeitazama tena ile meza: kitambaa, mshumaa, maua. Hata mimi nimeogopa. Nimeuzima mshumaa mbio.

Siwezi kuja, kesho natetea kazi yangu mbele ya walimu. Willy anakuletea barua hii, na kwa aibu hanitazami usoni. Lakini mama, baba aliniambia anapanda boti leo kurudi nyumbani. Akitangulia barua, atakuta matanga yake! Ukimwona, tafadhali usikimbie.

Nadège wako

Swima, 9 Machi 2024

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa wazima wawili. Walimu wamesemaje? Tuandikie upesi. Mgongo wangu umenyooka kwa mshtuko, kumbe nao una dawa yake.

Baba yako alimtangulia Willy. Aliposhuka kwenye boti akasikia kilio kinatoka kwake, na hakuuliza mtu. Aliamini ni mimi niliyekufa. Akatupa gunia la ndagala mchangani, akaja mbio akilia, “Mama Nadège, nitarudisha zile mbuzi!” Kusikia sauti ya marehemu, wanawake waliniachia mkeka, wengine wakapitia dirishani. Kwaya ilitawanyika, akabaki mpiga ngoma tu, kwa sababu miguu ilimkatalia. Junior alivua viatu, akavipanga mlangoni, akasema alikuwa anavilinda.

Mimi sikukimbia, Nadège. Nilidhani ni mzimu kweli, lakini nikasema moyoni, hata mzimu wake nitaupokea. Nikatoka nikamshika mikono. Ilikuwa na joto, inanuka samaki. Tukabaki tunatazamana, kila mmoja anamlilia mwenzake aliyesimama mbele yake. Yale niliyokuandikia nikamwambia yeye, mbele ya watu wote, wala sikuona aibu.

Gunia liliokotwa, ndagala zikapikwa, waliokuja kulia wakala wakashiba. Willy alipofika na barua yako tulimpa sahani. Alikula ameinama.

Kesho baba yako anarudi Kazimia. Nitamsindikiza mpaka ku maji, niingie hadi magotini. Ile picha iache palepale, mwanangu. Toa maua tu.

Mama yako,
mke wa baba yako